Kengele Moja, Vitufe Vitatu

Haya niliyasema jioni moja ukumbini hapa Malindi, mbele ya wazazi, wanafunzi na wazee wa mtaa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, nikaacha tu pale umeme ulipokatika tukakaa gizani tukingoja jenereta.

Assalamu alaykum. Na wasioitikia kwa hiyo, hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi, na ahsante zaidi kwa kuniruhusu kuleta mifupa ukumbini.

Nianze na hiyo mifupa. Jana nilikwenda kwa muuza nyama nikataka shingo nzima ya mbuzi, isikatwe. Akaniuliza, "Mwalimu, supu ya watu wangapi?" Nikamwambia si ya supu, ni ya kuhesabu. Hakusema kitu. Akaifunga, akanitoza bei ya supu. Nimeichemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa, alfajiri nikaisugua kwa brashi na sabuni, na sasa iko kwenye sinia hapo mbele. Kijana wewe wa kofia, njoo. Usiogope, ni safi. Tafuta kwanza mfupa ulio kama pete pana. Huo ndio unaobeba kichwa. Wa pili una kijino kinachochomoza. Ukikataa jambo kwa kichwa, unazungukia hapo. Haya, panga mingine inavyofuatana, na uhesabu kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Ahsante. Pingili saba. Sasa kila mmoja ainamishe kichwa, apitishe mkono kisogoni mpaka akutane na lile fundo linalochomoza chini ya shingo. Hiyo, kwa wengi wenu, ndiyo pingili yako ya saba. Panya ana saba. Popo ana saba. Nguva, ambaye siku hizi hata wavuvi wa Lamu humwona kwa nadra, ana saba. Wako wawili watatu waliokataa hesabu hii, kama yule mnyama mvivu anayening'inia mitini Amerika ya Kusini, lakini hao tuwaache na mambo yao.

Je, twiga? Kwetu Malindi hili ni swali la nyumbani. Wanahistoria wanatuambia kwamba mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimfikishia twiga mfalme wa Uchina, Yongle, na wenyeji wake wakamfananisha na qilin, mnyama wa baraka katika masimulizi yao. Nimejiuliza mara nyingi walimpakia vipi chomboni, na shingo ile waliiweka wapi. Haya, shingo hiyo ina pingili ngapi? Nasikia ishirini. Nasikia thelathini. Yule mzee pale anacheka, amekwisha kunishtukia.

Saba. Kila moja yaweza kufika kama sentimita 25, lakini ni saba zilezile za mbuzi.

Na huyu hapa kuku. Mifupa yake nimeihesabu mwenyewe kwa sababu ni midogo, ikianguka hatuipati: kumi na nne. Bata bukini ana kumi na saba. Basi mnyama anayekula majani ya juu ya mgunga ana pingili nusu ya zile za kuku anayedonoa uani. Nani aliyeamua kwamba shingo ya huyu ikomee hapa na kifua kianzie pale? Hilo ndilo lililonileta.

Najua wako waliokuja kwa sababu walisikia neno mageuzi ya viumbe, wakataka kujua mwalimu huyu anawafundisha nini watoto wao. Karibuni sana. Sikuja kubishana na imani ya mtu. Nimekuja na mifupa.

Mnyama yeyote huanza kama seli moja. Seli inagawanyika, zinakuwa mbili, nne, nane, mpaka kinatokea kijipande kidogo cha uhai, kiinitete, ambacho bado hakina kichwa wala mkia wa kuonekana kwa macho. Lakini ukikitazama kwa ustadi unakuta kimekwisha kugawanywa mitaa, kama ramani ya mji. Huku kutakuwa kichwa, huku shingo, huku kifua. Kila mtaa una jeni zake, yaani maagizo ya kurithi, zinazowaka na kufanya kazi, na kuna ukoo wa jeni, unaoitwa Hox, ambao kazi yake ni kuiambia kila seli iko mtaa gani.

Tulianza kuujua ukoo huu kwa nzi wa matunda, wale wadogo wanaozengea maembe yaliyoiva. Maabara zilikuwa na nzi walioota miguu kichwani, pale panapopaswa kuwa na vipapasio. Miguu yenyewe haikuwa na kasoro, ila iko mahali pasipo pake. Jeni ya mtaa wa kifua ilikuwa imewaka kichwani, na seli, watiifu kama walivyo, zikajenga mguu. Mwaka 1995 Edward Lewis, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya jeni zinazoongoza kiinitete cha nzi. Na kilichowashangaza wanasayansi zaidi kilikuwa kimeonekana miaka ya 1980: ukoo huo wa nzi, kuku anao, mbuzi anao, wewe unao.

Mwaka huohuo wa 1995 watafiti walilinganisha panya, kuku na bukini. Jeni moja ya ukoo huo, Hoxc6, iliwaka kuanzia palepale shingo inapokutana na kifua. Kwa panya, mpaka huo uko baada ya pingili ya saba. Kwa kuku, baada ya kumi na nne. Kwa bukini, baada ya kumi na saba. Wote watatu wana jeni hiyo, ila mpaka umesogezwa.

Hapo nataka tukae kidogo, maana ndipo penye neno langu lote. Tunapomwona mnyama mpya, tunadhani lazima ametengenezwa kwa vitu vipya. Mara nyingi sivyo. Vitu ni vilevile vya zamani. Kilichobadilika ni lini viwake, wapi, na kwa kiasi gani.

Niwape mfano wa nyumbani. Kaka yangu ni fundi wa umeme. Aliwahi kuweka kengele katika nyumba moja ya ghorofa karibu na bahari. Kengele yenyewe moja, ukutani sebuleni. Vitufe vitatu: kimoja getini, kimoja mlango wa jikoni, kimoja juu chumbani kwa nyanya mgonjwa. Mnajua chumvi yetu haina huruma na chuma. Haukupita mwaka, kitufe cha getini kikala kutu. Wageni wakawa wanabonyeza mpaka wanachoka, wanaondoka wakinuna. Lakini muuza samaki akibonyeza jikoni, kengele inalia. Nyanya akibonyeza, inalia. Ingeharibika kengele yenyewe, nyumba nzima ingekuwa bubu, na nyanya angelala na kiu yake.

Jeni ni hiyo kengele. Vitufe ni vipande vingine vya DNA, ule uzi mrefu ndani ya seli wenye maagizo yote kama yaliyoandikwa kwa herufi, vingine vikiwa mbali kabisa na jeni yenyewe, ambavyo protini maalumu huja kuvishika, jeni ikawaka. Kimoja cha ubongo, kimoja cha mguu, kimoja cha damu. Kila seli ya mwili wako ina DNA ileile. Seli ya jicho ina maagizo yote ya ini. Kinachoifanya kuwa jicho ni vitufe vilivyobonyezwa.

Wazo la swichi lilithibitishwa kwa kiumbe mdogo sana. Mwaka 1961 huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi bakteria wa tumboni anavyoshughulika na sukari ya maziwa. Bakteria ana jeni za kuivunja sukari hiyo, lakini haziwaki ovyo. Kuna protini inayokaa juu ya DNA kama bawabu aliyeketi mlangoni, hakuna anayepita. Maziwa yakija, sukari hiyo ikishageuzwa kidogo inamshika yule bawabu, umbo lake linabadilika, ananyanyuka, na kazi inaanza. Maziwa yakiisha, anarudi kukaa. Wakapata Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff. Ikumbukeni hiyo sukari ya maziwa, tutairudia.

Hesabu za jeni zenyewe zingetosha kututia shaka. Kabla ya DNA ya binadamu kusomwa, wapo waliokisia tuna jeni 100,000. Tulistahili, tulidhani, sisi ndio watu. Mradi wa kuisoma ulipotangazwa kumalizika mwaka 2003, hesabu ilikuwa imeshuka sana, na leo tunahesabu kama 20,000 zinazotengeneza protini. Na kuna mnyoo wa udongoni, urefu wake milimita moja, yeye naye ana kama 20,000. Katika herufi bilioni tatu za DNA yetu, sehemu inayoandika protini haifiki asilimia 2. Na tangu mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson walikwisha kuonya: walilinganisha protini za mtu na za sokwe mtu, wakakuta zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Wakasema tofauti kubwa tunayoiona kwa macho haiwezi kutoka humo. Tuitafute kwenye uongozi wa jeni. Walisema hivyo kabla hakujakuwa na vyombo vya kuitafuta. Mimi huwavulia kofia.

Sasa nyoka. Mama zangu, msiondoke, sikumleta.

Kuna jeni iliyopewa jina la Sonic, yule kalunguyeye wa mchezo wa kompyuta. Ndivyo wanasayansi wanavyojifurahisha. Jeni hiyo inahitajika ubongo ujengwe, uti wa mgongo ujengwe, na miguu ijengwe. Kitufe chake cha miguu kiko karibu herufi milioni moja kutoka kwenye jeni, kimejificha ndani ya jeni nyingine jirani. Kikipata hitilafu ndogo kwa binadamu, mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada upande wa dole gumba. Paka pia, wako paka wa vidole sita kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 2016 watafiti wa Berkeley, California, walifanya jambo ambalo kila nikilisimulia darasani watoto hunyamaza. Waliondoa kitufe hicho kwa panya, mahali pake wakaweka cha binadamu. Panya akazaliwa na miguu kamili. Wakaweka cha samaki. Miguu kamili. Wakaweka cha swila. Panya akazaliwa na vibutu, miguu imeishia karibu ilipoanzia. Wakaweka cha chatu, vilevile. Kisha wakachunguza kitufe cha nyoka, wakakuta kuna herufi 17 zimepotea. Wakazirudisha hizo 17 kwenye kitufe cha chatu, wakakipandikiza tena. Miguu ikarudi.

Herufi kumi na saba, wazee wangu. Meseji ya simu ni ndefu kuliko hizo.

Na ubongo wa nyoka uko salama, uti wake uko salama, maana kengele haikuguswa. Kilichokula kutu ni kitufe cha getini. Chatu hata leo ana vijikucha viwili karibu na mkia, mabaki ya miguu ya nyuma. Aliyewahi kumchuna chatu ameviona.

Wavuvi waliopo wananitazama kama wanaouliza, na bahari je? Bahari ipo. Mwaka 2001 trola lilinasa nje ya Malindi hapa samaki ambaye Kenya haikuwa imemwandika kabla yake: silakanti. Wangazija humwita gombesa. Wataalamu waliamini ametoweka pamoja na madinosau, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, yanafanana na mkono ulioanza kufikiriwa. DNA yake ikasomwa na kutangazwa mwaka 2013. Humo wakakuta kipande kinachofanana na kitufe cha jeni za Hox katika miguu yetu. Wakakipandikiza kwenye kiinitete cha panya, na kikawasha palepale vinapochipuka viungo. Samaki asiye na mguu alikuwa na kitufe kinachofaa mguu. Niseme pia, ili mtu asije akanirekebisha nje, kwamba utafiti huohuo ulionyesha kamongo wa ziwani ndiye ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wa miguu minne kuliko silakanti. Majirani zetu wa Kisumu wamekuwa wakimla ndugu bila kujua.

Nisije nikawapotosha kwamba kila kitu ni vitufe. Wapo wanasayansi wanaobisha kwamba jambo hili limevutwa kupita kiasi, na wana hoja. Twiga mwenyewe ni shahidi asiyekaa upande mmoja. Mwaka 2016 Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na Douglas Cavener wa Pennsylvania, pamoja na wenzao, walitangaza DNA ya twiga wakiilinganisha na ya okapi, ndugu yake wa shingo fupi. Walikuta jeni 70 zenye dalili za kubadilika kwa ajili ya maisha ya twiga. Nyingi ya hizo ni jeni zinazoongoza ukuaji wa mifupa, moyo na mishipa, lakini mabadiliko waliyoyafuatilia yalikuwa ndani ya jeni zenyewe. Kengele imebadilishwa mlio, si kitufe tu.

Mfano mzuri wa njia zote mbili uko kwenye damu ya watu wa Afrika, na umeandikwa na malaria. Selimundu mnaijua, hapa pwani hakuna mtaa usio na familia iliyoguswa. Hapo herufi moja imebadilika ndani ya jeni ya himoglobini. Ukirithi nakala moja, unapata kinga dhidi ya malaria kali. Ukirithi mbili, unaumwa maisha yako yote. Kengele yenyewe imeguswa, na gharama yake tunaiona wodini.

Lakini kuna malaria ya aina nyingine, ya vivax. Kimelea chake huingia kwenye chembe nyekundu kwa kupitia protini inayoitwa Duffy, kama mwizi aliyezoea dirisha moja. Watu wengi kusini mwa Sahara chembe zao nyekundu hazina dirisha hilo. Mwaka 1995 ilijulikana kwa nini: herufi moja imebadilika, si ndani ya jeni ya Duffy, bali kwenye kitufe chake cha damu. Kwingineko mwilini, kama kwenye kuta za mishipa, jeni inafanya kazi yake kama kawaida. Dirisha limezibwa damuni tu. Ndiyo maana vivax ni nadra katika sehemu kubwa ya Afrika, na hakuna anayelazwa kwa kukosa Duffy. Mkinipa selimundu na Duffy niziweke kwenye mizani, naona wazi kwa nini vitufe vimependelewa mara nyingi hivyo: unarekebisha chumba kimoja bila kuivuruga nyumba.

Maziwa sasa, nilikuwa nimeahidi. Mtoto wa mnyama yeyote anyonyaye huzaliwa na jeni ya kuvunja sukari ya maziwa ikiwa imewaka. Akiachishwa kunyonya, inazimika taratibu. Hivyo ndivyo walivyo watu wazima wengi duniani, nami nikiwemo. Chai ya maziwa matupu kwangu ni safari ya msalani. Lakini jamii za wafugaji kitufe chao kimenasa, hakizimi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza matokeo ya watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan. Kitufe kiko kama herufi 14,000 kutoka kwenye jeni, ndani ya jeni jirani. Wazungu wa Ulaya wana badiliko lao hapo. Wafugaji wetu wana la kwao, herufi nyingine kabisa, hatua chache pembeni, na limetokea ndani ya miaka elfu chache iliyopita. Ng'ombe wamefika, maziwa yakawapo, na aliyeweza kuyanywa ukubwani akawa na watoto zaidi. Ulaya na Afrika Mashariki, kila mmoja kwa njia yake, wakakishika kitufe kilekile.

Basi nikasema mwenye swali aulize. Yule mzee aliyekuwa akicheka aliuliza kama mifupa ya mbuzi sasa inaweza kurudi kwenye supu. Kijana wa kofia akataka kujua kama kuku anaweza kurudishiwa meno. Nikamwambia anione shuleni, maana hilo ni la saa nzima. Kisha akasimama mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Mwalimu," akasema, "mimi wanangu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa anakunywa maziwa kibuyu kizima. Mdogo akinywa kikombe, tumbo linamvimba, anaharisha. Mama mkwe ananiambia ni ukaidi. Sasa wewe wasemaje?"

Nikamwambia wasemaje ni swali la daktari, ampeleke akapimwe kwanza, maana tumbo lina sababu nyingi. Lakini kama ni hii ya sukari, basi si ukaidi. Wewe na mumeo huenda kila mmoja ana nakala mbili tofauti za kile kitufe, kimoja kilichonasa na kimoja kinachozima. Mkubwa akapata kilichonasa, na kimoja tu chatosha. Mdogo akapata vinavyozima kwako na kwa baba yake.

"Na asinywe kabisa?"

Mpe mtindi, nikamwambia. Humo bakteria wamekwisha kula sehemu ya ile sukari, na wanaobaki humsaidia kuivunja nyingine tumboni.

Akageuka kwa jirani yake. "Mtindi anaupenda huyo," akasema, "ndio mama mkwe anaomnyima."